Sindano ya Makunyanzi: Shabaha Ndiyo Dawa

Ndugu wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na bunduki wala doria. Ni ile sindano wanayodungwa watu usoni ili makunyanzi yalainike. Huenda wapo watakaocheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya mabibi wa mjini. Twawaomba wavute subira, kwani ndani ya sindano hiyo mna sumu iliyowahi kutengenezwa kuwa silaha, na habari yake imekwisha kuingia hata katika nyumba zetu za kambini.

Jioni moja koplo mmoja alitujia ofisini, akapiga saluti, kisha akasimama kimya kama mtu aliyepotewa na maneno. Tulimwambia aketi, tukamwuliza lililomsibu.

"Afande, naomba radhi kwa kukuletea mambo ya nyumbani," alisema. "Ni mama watoto. Jicho lake la kulia limefumba, halifumbuki. Majirani wengine wasema amerogwa. Wengine wasema mimi ndiye niliyempiga."

Tulipomdadisi zaidi tulielewa. Mkewe alikuwa amekwenda mjini pamoja na rafiki zake, na huko, katika chumba cha kusukia nywele, mwanamke mmoja mwenye kijifuko cha dawa aliwadunga sindano kwenye paji la uso ili kuondoa mikunjo. Siku ya tano kope la jicho la kulia lilianza kulegea, na siku ya saba likafunika nusu ya mboni. Tuliwapeleka wote wawili kwa daktari wa kambi. Daktari alimtazama yule mama, akamwambia akunje uso, kisha ainue nyusi, naye akatamka neno ambalo hatujalisahau: "Hakurogwa wala hakupigwa. Aliyemdunga amekosa shabaha."

Neno hilo la shabaha lilitugusa sisi tuliofundishwa kulenga. Tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

SUMU YENYEWE

Sumu hiyo huitwa botulini. Hutolewa na kijidudu kinachoishi udongoni, nacho hupenda mahali pasipo hewa, kama vile ndani ya nyama iliyohifadhiwa vibaya au mkebe wa chakula usiopikwa sawasawa kiwandani. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa sababu katika nchi ya Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wengi walikufa kwa kula soseji zilizoharibika. Daktari mmoja wa huko, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, aliichunguza habari hiyo na kuandika juu yake mnamo miaka ya 1820 na 1822. Alithubutu hata kuionja sumu hiyo mwenyewe, na akabashiri kwamba huenda siku moja ikawa dawa ya kutuliza neva zenye kufanya kazi kupita kiasi.

Kijidudu chenyewe kiligunduliwa baadaye. Mwezi Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki wa bendi walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi baada ya kupiga muziki mazishini. Watatu kati yao walikufa na wengine waliugua vibaya. Profesa Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent aliichunguza ile nyama pamoja na viungo vya marehemu, akakipata kijidudu kilichotoa sumu.

Je, sumu hiyo hufanyaje kazi? Askari wa simu ya upepo atatuelewa upesi. Ubongo ndio makao makuu, na misuli ndiyo vikosi vilivyo mbali. Amri husafiri kwa neva mpaka mwisho wake, na hapo neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka na kuuambia msuli ujikaze. Botulini huingia katika ncha ya neva na kuikata protini inayowezesha kemikali hiyo kutoka. Makao makuu ni mazima, kikosi nacho ni kizima, lakini amri haifiki, na msuli hubaki umelala. Baada ya miezi mitatu au minne neva hujirekebisha, mawasiliano yakarudi, na msuli ukaamka tena.

Sasa tazameni ukali wake. Wataalamu hukadiria kwamba sumu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni moja ya gramu, ikidungwa mwilini, yatosha kumwua mtu mzima, kwani misuli ya kupumua nayo hulala. Miongoni mwa sumu zote zijulikanazo duniani, hii huhesabiwa kuwa kali kupita zote.

KUTOKA GHALA LA SILAHA HADI HOSPITALI

Kwa ajili ya ukali huo, wakati wa Vita Kuu ya Pili mataifa yaliitazama botulini kwa jicho la vita. Mwaka 1943 Marekani ilianzisha Kambi ya Detrick katika jimbo la Maryland kwa uchunguzi wa silaha za vijidudu. Mwaka 1944 alifika huko Edward Schantz, afisa kijana wa Jeshi la Marekani, naye akawa bingwa wa kuisafisha sumu hiyo. Mwaka 1946 wachunguzi wa kambi hiyo walifaulu kuipata botulini ya aina ya A katika hali ya fuwele safi.

Mwezi Novemba 1969 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba Marekani inaacha silaha za vijidudu, na Februari 1970 akaziongeza silaha za sumu katika katazo hilo. Mwaka 1972 Mkataba wa Silaha za Kibiolojia uliwekwa tayari kutiwa sahihi na mataifa, ukaanza kutumika mwaka 1975. Hata hivyo si wote walioacha. Mwaka 1995 Irak ilikiri mbele ya wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba ilikuwa imetengeneza lita 19,000 za botulini nzito, na kwamba kiasi cha lita 10,000 kilikwisha kutiwa katika silaha.

Wakati huohuo sumu hiyohiyo ilikuwa ikishika njia nyingine. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alitafuta njia ya kutibu makengeza bila kisu. Aliwaza kwamba, kama msuli mmoja wa jicho wavuta mno, yafaa kuulegeza huo tu. Schantz alimpatia botulini. Scott aliijaribu kwanza kwa nyani, kisha kwa wanadamu, na mwaka 1980 akatangaza matokeo yake. Mwezi Desemba 1989 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa ugonjwa wa kope zinazofumba zenyewe. Baadaye dawa ikapewa jina la Botox.

Habari ya makunyanzi ilitokea kwa bahati. Mwaka 1987, mjini Vancouver nchini Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mgonjwa wa kope. Siku moja mgonjwa huyo alilalamika kwamba safari hii hakudungwa katikati ya nyusi. Daktari alipomwuliza kwa nini anapataka hapo, alijibu kwamba kila adungwapo mahali hapo uso wake huonekana umetulia. Jean alimsimulia mumewe, Alastair, aliyekuwa daktari wa ngozi. Wakafanya majaribio, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo yao. Hivyo ndivyo sumu iliyotoka katika kambi ya jeshi ilivyofika kwenye paji la uso.

RAMANI YA USO

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu, yaani mahali penyewe. Hatuyaandiki haya ili mtu ajitie udaktari. Twayaandika ili kila mmoja aone jinsi kazi hii ilivyo ya vipimo, na jinsi asiyeijua ramani asivyostahili kushika sindano. Hesabu tutakazozitaja ni zile zilizoidhinishwa Marekani kwa dawa ya Botox, na hupimwa kwa yuniti. Yuniti za dawa ya kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine, kama vile risasi za bunduki moja zisivyofaa kwa bunduki nyingine.

Kwanza twakumbusha kwamba misuli ya uso iko katika makundi mawili yanayoshindana. Msuli mpana wa paji la uso ndio pekee unaopandisha nyusi. Misuli ya katikati ya nyusi, pamoja na ule unaolizunguka jicho kama pete, huzivuta chini. Nyusi hukaa mahali pake kwa sababu pande hizi mbili zimelingana nguvu. Ukiulaza upande mmoja, upande wa pili hushinda.

Sehemu ya kwanza ni katikati ya nyusi, mahali ambapo askari akiwa kwenye gwaride la jua kali hukunja uso hadi mifereji miwili ikasimama wima. Sehemu hii iliidhinishwa mwaka 2002. Daktari humwambia mgonjwa akunje uso ili misuli ijitokeze. Kisha hudunga mahali patano: moja juu ya shina la pua, katika ule msuli mdogo unaovuta ngozi ya katikati kwenda chini, na mbili kila upande, katika msuli unaokunja nyusi. Kila mahali hutiwa yuniti 4, jumla yuniti 20. Kiasi cha maji ya dawa katika kila tundu ni sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani matone machache tu.

Hapa ndipo penye hatari iliyompata mke wa koplo. Chini kidogo ya hapo, nyuma ya ukingo wa mfupa wa juu ya jicho, upo msuli mwembamba unaonyanyua kope. Dawa ikipenya na kuufikia, kope huanguka. Kwa hiyo agizo ni kwamba sindano za msuli wa kukunja nyusi ziwe juu ya ukingo wa mfupa huo kwa sentimita moja au zaidi. Sentimita moja, ndugu zetu! Ni pungufu ya upana wa kidole, na hiyo ndiyo inayotenga uso uliotulia na jicho lililofumba.

Sehemu ya pili ni pembeni mwa macho, ile mikunjo inayochanua mtu anapocheka, ambayo Waingereza huifananisha na nyayo za kunguru. Iliidhinishwa mwaka 2013. Hudungwa mahali patatu kila upande, katika ukingo wa nje wa ule msuli wa pete. Tundu la kwanza huwa kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye panja, nje ya mfupa wa tundu la jicho. Mengine mawili hufuata juu na chini yake, au yote mawili chini yake, kwa kadiri mikunjo ilivyolala. Kila tundu ni yuniti 4, hivyo kila upande hupata 12 na jumla ni 24. Anayeshuka mno kuelekea shavuni aweza kuufikia msuli unaoinua mdomo, na kicheko kikaenda upande.

Sehemu ya tatu ni paji la uso, yaani ile mistari ya kulala inayotokea mtu anapoinua nyusi kwa mshangao. Hii iliidhinishwa mwaka 2017. Hudungwa mahali patano katika msuli mpana, yuniti 4 kila mahali, jumla 20. Lakini kumbukeni mashindano tuliyoyataja. Ukiulaza msuli unaopandisha nyusi na kuiacha macho ile inayoshusha, nyusi huporomoka na uso ukaonekana mzito. Ndiyo maana agizo ni kwamba paji la uso litibiwe pamoja na katikati ya nyusi. Mtu akitibiwa sehemu zote tatu kwa siku moja, jumla ni yuniti 64.

Mwaka 2024 iliidhinishwa pia mishipi ya misuli inayosimama shingoni. Mahali pengine, kama kando ya midomo, ni pa hatari zaidi. Huko misuli ni midogo na imesongamana, na kosa dogo humfanya mtu adondokwe na mate au ashindwe kupiga mluzi.

MIPAKA YAKE

Sindano hii haigeuzi mzee kuwa kijana. Huyalainisha makunyanzi yatokanayo na misuli kujikunja. Ngozi iliyochakazwa na jua kwa miaka mingi, au iliyolegea kwa uzito wake, haitengenezwi na sumu hii. Nguvu yake huanza kuonekana baada ya siku moja au mbili, huongezeka katika juma la kwanza, na hudumu kiasi cha miezi mitatu au minne. Haifai kurudiwa kabla miezi mitatu haijapita. Madaktari wengi huagiza mtu asipapase wala kusugua mahali palipodungwa kwa saa kadhaa, dawa isije ikatangatanga.

Wapo wasiostahili kudungwa: mwenye uambukizo mahali pa sindano na aliyewahi kudhurika na dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli au neva hana budi kumweleza daktari mapema. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye aulize kwanza.

KAZI YA POLISI

Ndugu zetu wa polisi, hapa pana jambo lenu. Dawa ya kweli huja katika chupa ndogo ikiwa unga mkavu usioonekana vizuri kwa macho, hutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, huchanganywa na maji safi ya chumvi, na baada ya kuchanganywa hutumika ndani ya saa 24. Mtu anayeibeba kwenye mkoba juani, akaiuza kwa bei ya kutupa, katika chupa isiyo na jina la kiwanda wala namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, huyo anauza ama maji matupu, ama kitu kibaya zaidi.

Tusidhani ni mzaha. Mwaka 2004, katika jimbo la Florida nchini Marekani, watu wanne walidungwa botulini nzito isiyo na idhini, iliyotengenezwa kwa uchunguzi wa maabara na si kwa wanadamu. Wote wanne walipooza, wakalazwa hospitali, wakasaidiwa kupumua kwa mashine. Mwaka 2024, nchini humohumo, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika baada ya kudungwa dawa za bandia au na watu wasio na ujuzi, na nusu yao walilazwa hospitali.

Kwa hiyo, askari anayekamata chupa za namna hiyo asizifungue, asizimwage, wala asizinuse kwa udadisi. Azifunge vema, aandike mahali na saa alipozikamata, na azikabidhi kwa wenye mamlaka ya dawa. Aidha awaulize watuhumiwa ni nani waliokwisha kudungwa, kwa kuwa hao wanahitaji daktari kabla ya kuhitaji mahakama.

Dalili za hatari ni hizi: kuona vitu viwili viwili, kope zote mbili kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha udhaifu kushuka shingoni na mikononi, na pumzi kuwa fupi. Huweza kuanza saa chache au hata majuma baada ya sindano. Mgonjwa hana homa na akili yake ni timamu, basi asidhaniwe kuwa amelewa. Akimbizwe hospitali mara moja. Ipo dawa ya kuipinga sumu hiyo, lakini huzuia tu ile ambayo haijaingia katika neva. Iliyokwisha kuingia haitolewi, na ndiyo maana kila saa ina thamani. Dalili hizo ni zilezile za mtu aliyekula chakula cha mkebe chenye sumu hii. Kwa hiyo mkebe uliovimba, hata kama njaa ni kali porini, haufai kufunguliwa.

SI UREMBO PEKE YAKE

Tungekuwa hatujatenda haki kama tungefunga maneno yetu tukiwaacha wasomaji wakidhani kwamba dawa hii ni ya kujipamba tu. Tangu mwaka 2010 imeidhinishwa Marekani kwa wenye maumivu sugu ya kipandauso, ambao hudungwa yuniti 155 katika mahali 31 pa kichwa na shingo. Mwaka huohuo iliidhinishwa kwa mikono iliyokakamaa, kama ile ya mtu aliyepatwa na kiharusi au aliyeumia ubongo. Askari aliyejeruhiwa kichwani, ambaye ngumi yake imejikunja hata kucha zikamchoma kiganja, aweza kulegezewa mkono huo mpaka akafunguliwa vidole, akaoshwa, akavaa shati. Kwake yeye hilo si pambo.

Yule mama tuliyeanza naye alingoja. Daktari wa kambi hakumficha kwamba hapana jambo jingine kubwa la kufanya, kwani sumu ilikuwa imefika mahali pasipo pake na ilikuwa lazima muda upite. Alimweleza dalili za hatari, akamtaka arudi kila juma. Koplo naye alitembea kichwa chini, maana askari aliyesingiziwa kumpiga mkewe hana pa kujificha katika safu moja ya nyumba. Tulimwomba sajenti meja azungumze na majirani, awaeleze lililotokea, naye akafanya hivyo kwa hekima.

Juma la sita koplo alitujia tena. Safari hii hakuketi.

"Afande, jicho limefumbuka," alisema.

"Na mama mwenyewe asemaje?"

"Asema hayo makunyanzi ni yake, afande, na atakaa nayo."

Sisi hatumlaumu mtu atakayechagua njia nyingine, almradi aende kwa daktari mwenye ujuzi na dawa iliyo halali. Sumu hii haikubadilika tangu siku za kambi ya Detrick. Kilichoigeuza kuwa dawa ni kipimo chake, mahali pake, na mkono unaoshika sindano. Askari anayejua kwamba risasi moja iliyopotea haiwezi kuitwa irudi hana haja ya kufafanuliwa zaidi.